Kazi ya Baba

"Kazi ya baba?" aliuliza karani wa dirishani bila kuinua uso.

"Mkulima," alijibu Apolonia.

Alijibu haraka, kama alivyojibu kwenye zahanati, na kwenye kituo cha afya, na kwa yule daktari wa macho aliyekuja na gari lake. Nyarugusu nzima ni wakulima ikifika dirishani. Ukisema mume wako mchimbaji, watu wanakukagua masikio na vidole kutafuta dhahabu, na bei ya kila kitu inapanda hapohapo. Masalu alishamwonya mkewe: "Huko nje mimi nalima mihogo. Basi."

Kwenye benchi nyuma yake Vumilia alikuwa amejiinamia, kichwa kimefungwa kanga kwa nguvu mpaka mshipa wa kwenye paji umetuna. Alikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili, msichana ambaye wenzake walimtania kwa kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Siku hizi hakucheka. Maumivu yalimwanzia kisogoni, yakapanda, yakakaa juu ya macho kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Daktari alikuwa kijana, mpole, na amechoka.

"Majibu mazuri, mama. Malaria hana. Taifodi hana. Damu ipo. Macho yalishapimwa?"

"Yalipimwa, akapewa miwani. Miwani tunayo na kichwa tunacho."

"Anakunywa maji ya kutosha?"

"Kama ng'ombe, daktari."

Daktari akaweka kalamu chini, akapunguza sauti. "Binti, hebu tupishe kidogo nje." Vumilia akasimama, akaenda mlangoni taratibu akishika ukuta. "Sasa mama, usinielewe vibaya. Wasichana wa umri huu wana mambo mengi. Ujauzito mmempima?"

"Nimepimwa mara tatu," Vumilia alisema kutoka mlangoni, hajageuka. "Kila hospitali wanaanza na hicho. Si mngekuwa mnaulizana tu kwa simu?"

Watu wa kwenye foleni wakacheka. Apolonia hakujua aone aibu au afurahi kwamba mtoto bado ana mdomo. Wakapewa vidonge vilevile vyeupe, na nesi mmoja akamnong'oneza wakati wanatoka kwamba mitihani ikikaribia watoto wengi huwa wanaigiza. Mwenye mtoto anajua neno kama hilo linavyochoma. Apolonia alitembea nalo mpaka kwenye bodaboda.

*

Jioni ile Masalu alirudi kutoka mwaloni, huko wanakooshea mchanga wa mawe yaliyosagwa, akiwa na leso imepigwa fundo. Ndani ya fundo kulikuwa na kidonge cheupe, kizito kuliko ukubwa wake. Ilikuwa zebaki iliyoshika dhahabu. Ukiichoma, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki.

Wenzake wengi walichomea palepale mwaloni, hadharani. Masalu hakutaka. Hadharani kila mtu anaona umepata nini, madalali wanakutajia bei kabla dhahabu haijapoa, na wenye kijicho wanakuhesabia. Yeye alichomea nyumbani, jikoni, mlango umefungwa kwa komeo na gunia limezibwa dirishani. Jiko lilikuwa lilelile la kusongea ugali. Nyuma yake kulikuwa na chumba wanacholala Vumilia na bibi yake, na ukuta wa katikati haukufika juu. Matofali yaliisha, ukaachwa hivyo.

Mwenye kazi ya kupepea mkaa alikuwa Bibi Nyanzala, mama yake Masalu. Masalu aliamini mkono wa mama yake una baraka. Lakini mwaka huu mkono ule ulianza kutetemeka, na kifuniko cha sufuria anachopepea nacho kikawa kinagonga jiko, ngo, ngo, ngo, mpaka Masalu akakereka.

"Mayu," alimwita mama yake kwa Kisukuma, "mpe Vumilia."

"Kichwa kinaniuma, baba."

"Kwani unapepea kwa kichwa?"

Hata bibi alicheka. Vumilia akakipokea kifuniko, akachuchumaa. Apolonia alishika tochi. Kidonge kilikaa juu ya kipande cha bati, kikatoa moshi mwembamba usio na harufu yoyote, ukapanda, ukageukia kule ukuta ulikoishia.

Mlango ukagongwa. "Hodi! Mama Vumi, naomba chumvi!" Alikuwa Martina, jirani.

"Tunaoga!" alijibu Masalu.

"Wote?"

Wakajiziba midomo wasicheke. Weupe wa kidonge ukaanza kugeuka, kwanza rangi ya chai ya maziwa, halafu njano kabisa, na Masalu akakitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyezaliwa salama. Vumilia akatema mate pembeni.

"Mdomoni kuna ladha ya sarafu," alisema.

Hakuna aliyemsikiliza.

*

Likizo ilipofika, Apolonia alimpeleka Vumilia kwa dada yake Rhoda, Ibadakuli, akapumzike. Wiki ya pili Rhoda akapiga simu.

"We Apolonia, mtoto unayesema mgonjwa ni huyu huyu? Anakula sahani mbili. Jana kaimba kwaya mpaka nikamwambia anyamaze, nisikie redio."

"Kichwa?"

"Kichwa gani?"

Apolonia alilia kwa furaha pale sokoni, mkononi ana fungu la dagaa. Vumilia akarudi amenenepa mashavu. Wiki haikuisha, kanga ikarudi kichwani.

Donatus, mdogo wake Masalu, alikuwa amekaa kwenye ndoo uani akifunga kamba ya buti zake za kuingilia shimoni. Alikuwa mtu wa kupenda kusema jambo ambalo wengine wanalifikiria tu.

"Shemeji, mimi si daktari. Lakini mtoto akiwa mbali, mzima. Akirudi humu ndani, mgonjwa. Sasa kitu kiko Ibadakuli au kiko humu?"

"Kiko humu," Apolonia alisema.

"Na humu analala na nani?"

Apolonia akageuza macho. Bibi Nyanzala alikuwa kivulini anapepeta mchele, na ungo ulikuwa unatetemeka hata pale asipoutikisa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za maisha yake yote. Huku kwetu mwanamke akizeeka na macho mekundu, majirani wanaanza kumpungukia mmoja mmoja, na wengine hawaishii kumkimbia tu. Apolonia aliyajua hayo. Aliwahi kuona nyumba iliyofungwa mlango baada ya mambo kama hayo, na kuku wa marehemu wanazurura uani.

Lakini mtoto anayelia na kichwa usiku hakuachii nafasi ya kufikiri vizuri. Walienda kwa mganga, yeye na Donatus. Mganga akapasua kifaranga, akakifungua mbavu, akakitazama muda mrefu.

"Anayemla kichwa yuko ndani ya nyumba," alisema. "Tena analala ubavuni mwake. Kumtaja jina na kumfunga ni kazi nyingine, na kazi hiyo ina bei yake."

Tangu siku hiyo Apolonia alianza kumchunguza mama mkwe wake, na mtu ukimchunguza unaona. Aliona bibi anatema mate yenye damu akipiga mswaki. Aliona anasahau jina la mbuzi wake mwenyewe. Asubuhi moja aliona alama nyekundu hafifu imezunguka kifundo cha mkono wake, kama ya mtu aliyefungwa.

"Mayu, hii nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu." Bibi akashusha mkono wa blauzi.

Halafu aliona hereni. Zilikuwa za dhahabu, ndogo, Masalu alimtengenezea Vumilia kwa sonara wa Kahama mwaka alioosha vizuri. Shuleni haziruhusiwi, kwa hiyo zilitundikwa kwenye msumari, chumbani, juu kule ukuta unakoishia. Apolonia alizishusha ili akaziuze, apate ya mganga. Zilikuwa nyeupe. Zote mbili, nyeupe kama kijiko. Alizisugua kwa majivu, kwa limau, kwa dawa ya meno. Weupe haukutoka.

"Amefyonza dhahabu," Donatus alisema kwa sauti ya chini, "na sasa anafyonza kichwa. Kaka asizione, ataua mtu. Nenda Kahama ukajaribu kuziuza hivyohivyo. Mimi huku nitaongea na vijana."

"Uongee nao nini?"

"Shemeji, wewe nenda tu."

Naye akaenda.

*

Duka la sonara lilikuwa na kioo, na nyuma ya kioo alikaa mama wa Kihindi, mtu mzima, Gangaben, anakata maharage mabichi kwenye sinia. Mwanawe Sanket alikuwa kwenye meza ya kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Apolonia akazitoa hereni kwenye pindo la kanga. Sanket akazitazama tu, akazirudisha.

"Fedha hatununui hapa, mama."

"Fedha?" Sauti ya Apolonia ilipanda mpaka wateja wawili wakageuka. "Zilitoka humuhumu! Mume wangu aliwaletea dhahabu yake kwa mkono wake, ninyi mkatupaka rangi. Leo imetoka mnaniambia fedha! Mnatuona washamba?"

"Mama, taratibu. Kazi yangu naijua."

"Basi ijue vizuri!"

Sanket akazichukua tena, sasa amekunja uso. Akaipima moja kwenye mzani, akaisugua kwenye jiwe jeusi, akainusa, jambo lililomshangaza Apolonia. Halafu akainuka. "Njoo nyuma. Simama kule, upande upepo unakotoka. Usisogee karibu."

Uani akaweka hereni moja juu ya kigae, akajifunga kitambaa puani, akaipulizia moto wa gesi akiwa amenyoosha mkono mbali. Weupe ukakimbia. Hereni ikawa njano, ile njano yake ya siku ya kwanza.

Apolonia akashika mdomo. "Umefanyaje?"

"Mimi sijafanya kitu. Ilikuwa imeshikwa na zebaki. Zimelala wapi hizi?"

"Kwenye msumari. Chumbani kwa mwanangu. Zebaki haijawahi kuzigusa."

"Moshi umezigusa."

Gangaben alikuwa amekuja mpaka mlango wa nyuma, sinia bado mkononi. "Mnachoma ndani?" aliuliza.

Apolonia alitaka kusema mume wake ni mkulima. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. "Jikoni," alisema.

"Mlango wazi?"

"Tunafunga."

Yule mama akaketi kwenye kizingiti, pole pole. "Marehemu mume wangu, Ishwarlal, alikuwa anasafisha dhahabu za wachimbaji chumba hichi hichi, tumefunga madirisha, tunaogopa wezi. Mwisho hawezi kushika kikombe cha chai. Kichwa kinamuuma, fizi zinatoa damu, ananikasirikia bure. Mtaa mzima wakasema mlevi. Mtu hajaonja pombe siku moja! Na mimi mkewe, siku nyingine, nilimnusa mdomo." Akaweka sinia chini. "Kwenu nani mikono inatetemeka?"

"Mama mkwe," Apolonia alisema.

Sanket akataka kuichoma na ile ya pili. Mama yake akamzuia. "Iache. Akamwonyeshe mumewe zote mbili. Mwanamume hasikii maneno, anasikia kitu cha kushika."

Simu ya Apolonia ikaita. Ilikuwa Martina. "Mama Vumi, uko wapi? Donatus yuko hapa na vijana, wana mapanga ya kukatia miti, wanasema bibi aondoke leo. Mumeo kasimama tu kama mti. Mimi nimemkumbatia Vumilia, anapiga kelele. Fanya haraka."

*

Alipanda mchomoko, gari dogo la abiria la Kakola, amebanwa mlangoni, halafu bodaboda. Njia nzima alimpigia Masalu na Masalu hakupokea. "Dada, nikiongeza mwendo tutaanguka," dereva alisema. "Ongeza tuanguke," alijibu.

Uani watu walikuwa wamejaa. Bibi Nyanzala ameketi juu ya kifurushi chake cha nguo, ametulia, amefunga na kilemba, kama anayesubiri gari lililochelewa. Vijana wa Donatus walikuwa wawili. Panga moja lilikuwa limechomekwa ardhini, na mwenyewe ameliegemea kama fimbo.

"Shemeji kaja," Donatus alisema. "Mganga kasemaje?"

"Sijafika kwa mganga. Baba Vumi, fungua mkono."

"Mama Vumi, mambo haya ya ukoo..."

"Fungua mkono!"

Masalu akafungua. Apolonia akaweka hereni mbili pale kiganjani, moja njano, moja nyeupe. Masalu alizitazama. Akaitemea mate ile nyeupe, akaisugua kwenye suruali, ikabaki nyeupe. Hakuna mwosha dhahabu asiyejua weupe ule. Wote mwaloni wanavua pete kabla ya kushika zebaki.

"Nani kaitia kwenye zebaki?" aliuliza.

"Hakuna. Ilikuwa kwenye msumari, juu ya kitanda cha mwanao. Usiku kucha ilikuwa inavuta anachovuta yeye."

"Watu wote wanachoma. Mbona vichwa vyao..."

"Wanachomea nje! Sisi tunafunga mlango tusionekane. Tumeziba na dirisha. Halafu tunamwambia mtoto apepee." Akaigusa ile nyeupe kwa kidole. "Hereni ikiwa imeliwa hivi, yeye je?"

"Na hiyo mikono ya mama?" Donatus alidakia. "Na damu mdomoni? Na macho?"

"Nani alikuwa anapepea kabla ya Vumilia?"

Yule kijana mwenye panga akalichomoa ardhini, akaanza kulifuta tope taratibu, hana haraka, kama mtu aliyekuja kukata kuni akakuta zimeshakatwa. "Sasa mzee," alimwambia Donatus, "kama ni hivyo mwaloni tuko wachawi mia tatu." Mwenzake akacheka, akaona hakuna aliyemfuata, akaacha.

Masalu alikuwa bado anaangalia kiganja chake. Halafu aliingia jikoni, akatoka na jiko, mkaa bado wa moto, akalibeba mikono mitupu mpaka nje ya ua. Akarudi, akang'oa gunia dirishani. Kwa mama yake hakusogea. Hakuweza.

Aliyeongea alikuwa bibi mwenyewe.

"Kwa hiyo si mimi?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza bei, polepole, akiwatazama mmoja mmoja.

"Mayu..." Apolonia alianza.

"Mimi nilidhani ni mimi. Mlipoanza kuniangalia, nikasema labda natoka usiku mwenyewe nisijue. Watu wanasema inawezekana. Nikamwambia huyu mtoto anifunge mkono kitandani, na kanga, kila tukilala. Nikamwambia, kaza. Asubuhi nakuta fundo liko vilevile na kichwa bado kinamuuma. Nikasema basi, nina nguvu kubwa kuliko kanga."

Vumilia alitoka mikononi mwa Martina, akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye mapaja ya bibi yake. "Mimi sikuwa nakaza, bibi," alisema. "Nilikuwa nakufunga fundo la uongo."

Apolonia alikifungua kile kifurushi pale pale chini, akaanza kuzikunjua nguo za mama mkwe wake moja moja.

*

Siku ya hospitali walipanda gari watatu, Apolonia, binti na bibi. Masalu alibaki akijenga kibanda cha mabati upande upepo unakokwenda, mbali na nyumba, na ukimuuliza kama ataacha kazi, atakuuliza nawe utamlisha nini. Donatus hajakanyaga tena uani. Jioni, Apolonia husimama mlangoni akitazama ni nyumba ipi leo imezibwa dirisha, na akiiona huenda kupiga hodi. Wengine humwambia wanaoga.

Karani alikuwa yuleyule, na hakuinua uso.

"Kazi ya baba?"

"Anaosha dhahabu," Apolonia alisema. Foleni nzima ilisikia. "Anachoma zebaki. Alikuwa anachomea jikoni kwangu, na mlango nilikuwa nafunga mimi."

Karani akainua uso. "Ngoja. Hiyo lazima daktari aambiwe kwanza. Mgonjwa ni yule binti?"

"Ni wawili."

"Aanze nani?"

"Aanze bibi," Vumilia alisema kutoka kwenye benchi, kanga kichwani. "Mimi wataanza tena na mimba."

Bibi Nyanzala alicheka mpaka akajifunika mdomo. Mkono ulikuwa unatetemeka mbele ya watu wote, naye hakuushusha.